Moshi Unaporudi Ndani: Kuelewa Mvuto wa Bomba la Jiko la Kuni

Yafuatayo ni maneno ya mada iliyotolewa mbele ya mafundi wa majiko banifu na viongozi wa vikundi vya kina mama kutoka Kibondo na Kasulu. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa, pamoja na maswali matatu yaliyoulizwa mwishoni.



Nimeombwa nizungumze juu ya bomba la moshi. Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Jiko la kwanza la bomba nililolijenga lilikuwa la mama mmoja jirani yangu. Nilichimba udongo wa kichuguu, nikauchanganya na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, nikaupiga kwa miguu mpaka ukalainika. Jiko likapendeza. Siku ya kuliwasha tuliwaita majirani waje kuona. Moshi ukatoka kila mahali isipokuwa juu ya bomba. Nikamwambia, "Mama, vumilia kidogo, likikauka litavuta."

Baada ya wiki tatu nikapita tena. Bomba lilikuwa limebomolewa, tundu la ukutani limezibwa kwa matope, na mafiga matatu yamerudi mahali pake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, mafiga yanatoa moshi, lakini hayajawahi kunidanganya."

Ndugu zangu, jiko moja linalorudisha moshi huharibu kazi ya majiko kumi. Majirani wote walioitwa siku ile walirudi kwao wakijua kwamba mambo ya bomba ni maneno matupu. Kwa hiyo leo sitawafundisha kupiga udongo. Mnaujua kuliko mimi. Nataka tuelewe kitu kimoja tu: nini hasa kinachoupandisha moshi kwenye bomba, na nini kinachouzuia. Ukielewa hilo, utaweza kutengeneza jiko lililoharibika hata kama hukulijenga wewe.

KWA NINI TUHANGAIKE NA MOSHI

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani unaotokana na kupikia ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Kati ya hao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Moshi huo huleta nichumonia kwa watoto, na kwa watu wazima huleta magonjwa ya mapafu na ya moyo, kiharusi na saratani.

Huku kwetu tunajua chakula chetu. Maharage hayaivi kwa nusu saa. Mama anakaa karibu na moto saa mbili au tatu, mtoto yuko mgongoni, na wakati wa masika mlango umefungwa kwa sababu ya baridi na mvua. Mtoto huyo anavuta moshi uleule anaouvuta mama, na mapafu yake ni madogo.

Liko pia suala la kuni zenyewe. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilianzishwa mwaka 1996, na ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa tena mwaka 2015. Wenyeji na wageni wametegemea misitu ileile ya miyombo. Kila mwaka mwendo wa kwenda kutafuta kuni umekuwa mrefu zaidi, na wanaotembea mwendo huo ni wanawake na wasichana. Human Rights Watch iliandika katika ripoti yake ya mwaka 2000 juu ya kambi za wakimbizi za Tanzania kwamba wanawake walishambuliwa na kubakwa walipokwenda kuokota kuni. Kwa hiyo mtu akiuliza kama jiko ni jambo dogo, mwambieni si dogo.

Je, bomba linasaidia kweli? Katika nyanda za juu za Guatemala, Amerika ya Kati, watafiti walizigawa kaya zaidi ya 500. Nusu walijengewa majiko ya kuni yenye bomba, nusu wakaendelea na moto wa wazi. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Moshi waliovuta watoto wa kaya zenye bomba ulipungua kwa karibu nusu. Nichumonia kwa jumla haikupungua kiasi cha kutosha kuthibitishwa, lakini nichumonia kali, ile inayoua, ilipungua kwa karibu theluthi moja. Kwa jirani zetu wa Malawi ulifanyika utafiti mwingine wenye watoto zaidi ya 10,000, kwa majiko yenye feni ndogo yasiyo na bomba. Matokeo yake ya mwaka 2016 hayakuonyesha kupungua kwa nichumonia hata kidogo.

Funzo ninalolipata hapo ni kwamba bomba husaidia, lakini kwa sharti moja: moshi uondoke kweli, na kila siku. Bomba linalovuta leo na kurudisha kesho si msaada.

JE, BOMBA LINAVUTA?

Kwa Kiswahili tunasema "jiko linavuta" au "jiko halivuti". Ni maneno mazuri, lakini yanatudanganya sisi mafundi. Tunadhani kwamba juu ya bomba kuna kitu kinachonyonya moshi, kama mtu anayenyonya soda kwa mrija. Hakuna kitu hicho. Bomba halina nguvu yake lenyewe.

Fikirini mizani ya sokoni, ile ya vitanga viwili. Kitanga kimoja kimebeba hewa ya baridi ya nje. Kitanga cha pili kimebeba hewa ya moto iliyo ndani ya bomba. Hewa ikipata moto hutanuka, na ikitanuka huwa nyepesi kwa ujazo uleule. Basi kitanga cha hewa ya baridi kinashuka, na cha hewa ya moto kinapanda. Hewa ya baridi inaingia kwa nguvu kupitia mdomo wa jiko, inapita kwenye moto, na kuusukuma moshi juu. Kinachoitwa mvuto ni msukumo wa hewa nzito inayotoka nyuma yako wewe uliyekaa mbele ya jiko.

Nguvu hiyo ni kubwa kiasi gani? Tupige hesabu pamoja. Chukueni bomba la urefu wa mita 3, lenye upana wa ndani wa sentimita 10 kwa 10. Ndani yake inaingia hewa lita 30, yaani ndoo moja na nusu ya maji. Hewa lita 30 ya hapa kwetu milimani, siku ya kawaida, ina uzito wa karibu gramu 31. Hewa hiyohiyo ikiwa na joto la nyuzi 150, lita 30 zake zina uzito wa gramu 22 hivi. Tofauti ni gramu 9.

Gramu 9! Ni kama kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi. Hiyo ndiyo nguvu yote inayotegemewa kuondoa moshi wa maharage, wa ugali na wa chai, mwaka mzima.

Nawaomba mlikumbuke jambo hili kuliko yote nitakayosema leo: mvuto ni nguvu ndogo sana. Inatosha, lakini haina akiba. Ukiipotezea gramu 3 hapa na gramu 3 pale, moshi unarudi ndani. Kazi ya fundi ni kulinda gramu 9 zake.

Kwa mafundi wanaotumia michoro iliyotoka Pwani, neno moja zaidi. Kibondo na Kasulu tuko juu zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Mchoro uleule ukiletwa huku, mvuto wake unapungua kidogo. Ongezeni bomba kwa nusu mita.

WEZI WA MVUTO

Nimewahesabu wezi saba. Nitawataja mmojammoja.

Mwizi wa kwanza ni ufupi. Uzito wa mizani unategemea urefu wa bomba. Lile bomba letu la mita 3 likikatwa katikati, gramu 9 zinabaki 4 na nusu. Fundi anayetoboa ukuta na kuishia hapohapo nje amejenga tundu, hajajenga bomba.

Mwizi wa pili ni baridi. Bomba la mita 3 ambalo hewa yake ina joto la nyuzi 60 tu badala ya 150 linabaki na gramu 3 na nusu. Bomba la udongo mbichi ni baridi, maana joto lote linakwenda kukausha maji yaliyo ukutani. Hili ndilo lililonikuta kwa yule mama. Jiko la udongo lipewe wiki mbili hadi tatu za kukauka kabla ya kupikiwa, na katika masika lipewe muda zaidi. Kuni mbichi nazo ni baridi. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Kuni zilizokauka vizuri hubaki na sehemu moja ya tano au ya sita. Maji hayo lazima yageuke mvuke kwanza, na joto la kuyageuza linatoka kwenye moto wako na kwenye bomba lako.

Mwizi wa tatu ni ufa. Wengi wanadhani ufa kwenye bomba ni mbaya kwa sababu moshi utatokea hapo. Bomba likiwa linafanya kazi, mambo ni kinyume chake: hewa ya baridi ya jikoni inaingia kwa kupitia ufa, inachanganyika na moshi na kuupoza. Tundu la sufuria lililoachwa wazi ni ufa mkubwa kuliko wote. Kama jiko lina matundu mawili na unapikia sufuria moja, funika tundu la pili kwa kifuniko cha udongo au sufuria ya maji.

Mwizi wa nne ni vipimo visivyolingana. Njia ikiwa nyembamba mno, moshi unakwama. Ikiwa pana mno, moshi unajikokota na kupoa. Jambo hili liliwasumbua hata Wazungu. Mwaka 1796 Benjamin Thompson, anayejulikana zaidi kama Count Rumford, aliandika juu ya mabomba ya moshi ya London. Alikuta kwamba mengi yalirudisha moshi kwa sababu koo la bomba lilikuwa pana kupita kiasi na kuingiza hewa nyingi ya chumbani. Dawa yake ilikuwa kulifanya koo hilo kuwa jembamba. Miaka ya karibuni Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho, Marekani, alifundisha kanuni rahisi: upana wa njia ya moshi usibadilike kuanzia mdomo wa jiko mpaka juu. Kwa jiko la nyumbani, sentimita 10 hadi 15 zinatosha. Kipimo cha fundi asiye na futi ni ngumi: ngumi yako ipite njia yote bila kukwaruza.

Mwizi wa tano ni kona na njia ya kulala. Hewa ya moto hutaka kupanda. Ukiilaza mita nzima chini ya sufuria kisha ukaikunja mara mbili, gramu zako zinaishia kwenye kona. Njia ya kulala iwe fupi na ipande kidogokidogo kuelekea bomba. Kona moja inatosha, na iwe ya mviringo.

Mwizi wa sita ni jikoni kulikofungwa. Kumbukeni mizani: hewa lazima iingie ndipo moshi utoke. Ukifunga mlango, ukaziba dirisha kwa gunia na kuziba hata nafasi ya chini ya mlango, hewa itatoka wapi? Itatoka palipobaki wazi, nako ni juu ya bomba, ikishuka pamoja na moshi. Acheni tundu la hewa, ukubwa wa tofali moja, karibu na sakafu.

Mwizi wa saba ni masizi. Huyu haji siku moja. Ngumi iliyopita mwezi wa kwanza haipiti mwezi wa sita, na kuni mbichi humwita haraka zaidi.

MWULIZENI MAMA: MOSHI UNARUDI LINI?

Mkiitwa kutengeneza jiko lenye moshi, msianze kubomoa. Kaeni na mwenye jiko, mwulizeni, "Mama, moshi unarudi lini?" Jibu lake litawaonyesha mwizi.

Akisema, "Asubuhi tu ninapowasha, baadaye unaacha," mwizi ni baridi. Bomba limelala usiku likiwa limejaa hewa nzito. Mfundishe kuwasha konzi ya nyasi kavu au majani makavu ya mgomba kwenye tundu lililo karibu kabisa na bomba, kabla ya kuwasha kuni. Mwali ule mfupi unalipasha bomba moto na kulianzisha.

Akisema, "Kukiwa na upepo tu," tokeni nje, mtazame juu. Kama ncha ya bomba iko chini ya kilele cha paa, upepo unaopita juu ya paa unashuka upande wa pili na kuusukuma moshi ndani. Wakati wa kiangazi upepo wetu hutoka zaidi mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo mabomba yaliyo upande wa magharibi wa paa ndiyo yanayoteseka zaidi. Pandisheni bomba lipite kilele cha paa kwa nusu mita au zaidi, na muweke kofia. Kofia isikae karibu mno na ncha, isije ikawa kizibo. Iachiwe nafasi isiyopungua upana wa bomba lenyewe.

Akisema, "Tunapofunga mlango," mwizi ni hewa ya kuingia. Akisema, "Zamani lilivuta vizuri, siku hizi limechoka," mwizi ni masizi au ufa. Akisema, "Tangu mwanzo, siku zote," hapo ndipo mpime urefu, upana na kona, na hapo ndipo huenda mkalazimika kubomoa.

Kipo kipimo kingine kisicho na gharama. Chukueni kijiti kinachofuka moshi, mkiweke mbele ya mdomo wa jiko linalowaka. Moshi wa kijiti ukiinama na kuingia ndani, mvuto upo. Ukisimama wima, mvuto ni dhaifu. Ukikujia usoni, bomba limezibwa au lina baridi. Kisha kipitisheni kijiti polepole juu ya kila ufa wa bomba. Palipo na mwizi, moshi utavutwa kuingia.

MVUTO UKIZIDI

Msiende kupita kiasi mkajenga bomba la mita 6. Mvuto mkubwa mno unapitisha hewa nyingi kuliko moto unavyohitaji. Miali inakimbilia bombani, sufuria inaachwa, na kuni zinakwisha mbio. Mtajua hivi: moto unanguruma, bomba ni la moto kupita kiasi, lakini maji yanachelewa kuchemka. Mama aliyetembea nusu siku kutafuta mzigo wa kuni hatakushukuru kwa jiko la namna hiyo.

Dawa ya kwanza ni mdomo. Mdomo wa jiko usiwe mpana kuliko njia ya moshi. Tofali moja linalosogezwa mbele ya mdomo hupunguza hewa, kama mnavyofanya kwenye tanuru la matofali. Dawa ya pili ni sufuria. Iingie ndani ya tundu lake, miali iizunguke kabla ya kufika bombani, na ikae bila kuacha nafasi pembeni.

Wengine huweka kibati cha kufunga bomba usiku ili joto libaki. Hapo nawasihi sana. Makaa yanapofifia hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Bomba lisifungwe kamwe kama bado kuna kaa lenye moto.

TAHADHARI NA USAFI

Masizi ni kuni ambazo hazikuungua sawasawa. Yakiwa mengi, siku moja yanashika moto ndani ya bomba, nalo huanza kunguruma. Likitokea hilo, toeni watu nje, zibeni mdomo wa jiko na matundu yote, mwageni mchanga au majivu juu ya moto. Msimwage maji ndani ya bomba la matofali, litapasuka.

Ni heri kulisafisha kila mwezi. Fungeni jiwe kwenye kamba, juu ya jiwe fungeni fungu la majani makavu ya mgomba, mlipitishe bomba lote kutoka juu. Kwa ajili hiyo, kila fundi aache tundu chini ya bomba, lizibwe kwa tofali na tope jepesi linalobanduka. Bomba lisilo na tundu la kusafishia limejengwa kwa ajili ya mwaka mmoja tu.

MASWALI NA MAJIBU

Mama mmoja kutoka Kibondo: Nyumba yangu ya kupikia imeezekwa kwa nyasi. Nifanyeje?

Mama yangu, usipitishe bomba kwenye nyasi, hata kama fundi atakuhakikishia. Cheche moja inatosha. Kama unaweza kupata mabati machache, ezeka kwanza sehemu iliyo juu ya jiko. Kama bado huwezi, jenga jiko banifu lisilo na bomba, toboa madirisha mawili yanayotazamana, kausha kuni zako, na mtoto akae mbali wakati moto unawashwa. Siyo sawa na bomba, lakini utapunguza moshi bila kuhatarisha nyumba.

Fundi kutoka Kasulu: Bomba zuri ni la bati au la matofali?

Bati jembamba linapata moto haraka, kwa hiyo linaanza kuvuta mapema, lakini linapoa haraka pia, linapata kutu, na linaweza kumwunguza mtoto. Tofali la kuchoma linachelewa kupata moto, lakini likishapata linalitunza na linadumu. Huku kwetu tanuru za matofali ziko kila kijiji. Ushauri wangu ni matofali kuanzia chini mpaka juu ya paa, na bati kwa ajili ya kofia tu. Pale bomba linapopita kwenye mabati ya paa, ziba vizuri, maana maji ya mvua yakiingia yatalipoza bomba na kuubomoa udongo wako.

Kiongozi wa kikundi: Serikali inataka watu waache kuni watumie gesi na umeme. Kwa nini tujifunze habari za bomba leo?

Swali zuri, ndugu yangu. Ni kweli, mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mwenye uwezo wa kununua mtungi wa gesi na kuujaza, anunue. Hakuna bomba la kuni linalolingana na gesi kwa usafi. Lakini tazama kijijini kwako. Ni nani atakayepika maharage kwa gesi saa tatu leo jioni? Mtoto aliye mgongoni leo hawezi kusubiri mpaka mwaka 2034. Bomba ni daraja, na daraja linajengwa imara hata kama watu hawatalala juu yake.

MWISHO

Ndugu zangu, yule mama jirani yangu nilirudi kwake mwaka uliofuata. Nilimwomba radhi kwanza. Kisha nikamwomba siku moja tu. Safari hii nilijenga kwa matofali makavu, njia ya ngumi moja, kona moja, na bomba lililopita kilele cha paa. Tukasubiri wiki tatu. Siku ya kuwasha sikuita majirani. Yeye mwenyewe aliwasha nyasi kavu chini ya bomba, akaweka kuni, akatoka nje na kutazama juu. Alikaa kimya muda mrefu akiutazama moshi. Halafu akaingia ndani, akayachukua yale mafiga matatu, akayatoa uani. Hakuyatupa. Aliyapanga kando ya ukuta, akisema ataona kwanza kama jiko litakuwa la kweli mpaka masika yaishe.

Alikuwa na haki. Imani ya mtu aliyewahi kudanganywa hairudi kwa siku moja. Basi mnapokwenda vijijini kwenu, msijenge majiko mengi haraka. Jengeni moja, lisimamieni msimu mzima wa mvua, rudini kila mwezi mkalisafishe pamoja na mwenye nyumba, na mlinde zile gramu 9. Jiko hilo moja likivuta masika yote, majirani watakuja wenyewe kuwaita.